Picha ya Chini ya Ghala

Tangu mwezi wa pili sipandi ngazi tena. Magoti yangu yamegoma, na daktari niliyemwendea ili anitetee ameamua kuwa upande wa magoti. Nyinyi vijana mnaochora mabango nyuma ya soko la Arua mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kusahau. Sitawaambia nilipandishwa cheo mara ngapi, kwa sababu mchora mabango hana cheo cha kupanda. Ana ngazi tu.

Mpwa wangu ni mwalimu wa Kiswahili. Amezisoma karatasi hizi na kuninyooshea ngeli, maana Kiswahili chetu cha West Nile kilizaliwa kambini na sokoni, shule kilipitia mlangoni tu. Lakini maneno ya watu wengine nimemkataza kuyagusa. Walivyosema ndivyo walivyosema.

Mimi ni mtoto wa askari, mzaliwa wa Koboko. Vita vilipotufikia tulikimbilia Kongo na mama yangu, na niliporudi nilikuwa msichana mkubwa asiye na kazi. Arua wakati ule ilikuwa inajishona upya. Maduka yalikuwa yanafunguliwa na kuta zilikuwa tupu, na kila mwenye duka alitaka jina lake lionekane tangu barabarani. Mwenye kazi hiyo alikuwa mmoja, Mzee Onzima, mwembamba kama mpini wa jembe, Mkristo wa sala zote, aliyeimba nyimbo za kanisani huku akichora chupa za bia. Nilimkuta juu ya ngazi nikamwomba kazi. Aliniangalia bila kushuka.

"Wewe msichana, naogopa juu?"

"Mimi naogopa njaa, Mzee."

Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Kesho yake nikaanza.

Siku ya kwanza niliosha brashi kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikababuka. Jioni aliniketisha juu ya kopo, mgongo wangu ukielekea barabara. "Pale kwa fundi ya viatu," akasema, "mlango iko rangi gani?" Nilikuwa nimepita mbele ya mlango ule asubuhi nzima nikichota maji. Sikujua. "Dirisha iko ngapi?" Sikujua. "Basi bado hujafika kazini," akasema, akaendelea kuimba. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuwa ananifundisha kuchora. Alikuwa ananifundisha kuangalia, na hilo ndilo gumu.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Brashi za herufi alizitengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Alikuwa na kamba iliyopakwa chaki: mnaishika ncha mbili ukutani, unaivuta katikati na kuiachilia, inaacha mstari ulionyooka kuliko maisha ya mtu yeyote. Na alikuwa na fimbo yenye kitambaa kimefungwa kwenye ncha, ya kuegemezea mkono usitetemeke. Nyinyi leo mnachapa mabango kwa mashine, na mashine haitetemeki. Siwalaumu. Ila mashine haiwezi kukaa juu ya kopo na kuulizwa mlango una rangi gani.

Kazi za ukutani zilikuwa zilezile. Duka la nyama, ng'ombe anayetabasamu. Saluni, mwanamke mwenye shingo ndefu. Hoteli ya chakula, simba. Nimechora simba wengi mno na sijawahi kuona hata mmoja, na nadhani simba akija kuziona picha zangu atajua hilo mara moja.

Lililobadilisha kazi yangu lilitokea kwa Mama Letasi, aliyekuwa na hoteli ya chakula karibu na barabara ya kwenda Ombaci. Alitaka maporomoko ya maji ukutani, kama aliyoyaona kwenye kalenda. Mzee Onzima alikuwa anaumwa, kwa hiyo nilikwenda peke yangu, na maporomoko sikuwahi kuyaona wala kalenda hakuwa nayo tena. Nikamwambia, "Mama, maji utapata," nikamchorea bomba la kuvuta maji lililokuwa upande wa chini wa barabara yake: foleni ya madumu ya njano, wanawake wakisubiri, mmoja amevua kandambili na kuzikalia, mbuzi anakunywa maji yaliyomwagika.

Mama Letasi alipokuja kuangalia aliweka mikono kiunoni. "Hii si ile maji mimi nasema."

"Nitaifuta, Mama. Nipe siku moja."

Siku hiyo moja ndiyo iliyomshinda. Mchana aliingia dereva wa lori kutoka Koboko, akaagiza enyasa, ugali wetu wa muhogo, na maharage, akakaa akiutazama ukuta. Chakula kilipoa. Halafu akaanza kumweleza mtu asiyemjua wa meza ya pili jinsi dada yake alivyokuwa akimpeleka bombani akiwa mdogo, na jinsi alivyoweka jiwe mahali pake katika foleni ili akacheze. Yule wa meza ya pili akasema kwao waliweka tawi, si jiwe. Mwanamke aliyekuwa anakunywa chai akasema mawe yaliibwa, ndiyo maana watu walihamia matawi. Kufikia jioni hoteli nzima ilikuwa inabishana juu ya foleni za utotoni, na Mama Letasi alikuwa anapika sufuria ya pili.

"Wacha tu iko," akaniambia. "Watu nakula mingi wakikumbuka."

Mzee Onzima alipopata nafuu nilimpeleka kuiona. Aliusogelea ukuta. Akasema miguu ya mbuzi ni mibaya, kweli ilikuwa mibaya, halafu akasema, "Simba hakuna mutu nasema naye. Hii, watu nasema naye."

Baada ya hapo, kila mwenye ukuta aliyeniruhusu, nilimchorea mahali pa kawaida. Mashine ya kusaga unga, na watu weupe kwa vumbi. Baraza la fundi wa baiskeli. Kituo cha bodaboda pale Koboko barabara zinapoachana, moja ya Kongo na moja ya Sudani. Nilichogundua ni kwamba ukichora mahali pa ajabu, mtu anasema "vizuri" na kupita. Ukichora mahali pa kawaida unakuwa umechora nusu tu, na nusu nyingine analeta yule anayetazama.

Mama yangu mwenyewe alinithibitishia hilo. Hakuwahi kuzungumza juu ya baba, aliyekwenda na wenzake wa jeshi asirudi. Tuliomzunguka tulijifunza kutouliza. Siku moja nilikuwa nachora ukuta wa duka Koboko, nyumba za askari kama nilivyozikumbuka, mlango kwa mlango, na mbele ya mlango mmoja nikaweka buti zinakaushwa juani, ndimi zimetolewa nje. Mama alikuja kuniletea chakula. Alisimama mbele ya zile buti, bakuli mkononi.

"Baba yako alikuwa anaweka gazeti ndani," akasema. "Anasema buti nakunja kama hakuna gazeti. Na gazeti yenyewe hajui kusoma, ananiambia mimi nisome kwanza kabla ya kuweka ndani ya buti." Akacheka, mama yangu, akicheka juu ya baba. "Nasoma gazeti nzima. Yeye analala. Mimi bado nasoma."

Tulikaa kwenye ngazi tukala. Alizungumza mpaka jua likageuka, na alipomaliza nilikuwa na baba. Kabla ya hapo nilikuwa na jina tu.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu kuliko zote, ile mnayoniuliza kila mara kwa sababu mmesikia vipande vyake sokoni.

Miaka michache kabla sijaacha kazi alikuja mtu karakanani kwangu Arua. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao kutoka upande wa Kongo, mtu mzima wa miaka kama arobaini na kitu, mpole, mwenye vumbi la msumeno kwenye nyusi. Jina lake Bahati. Alikuwa amekula kwa Mama Letasi, akauona ukuta, akauliza nani fundi. Alileta plaiwudi yake mwenyewe, nzuri, bila fundo.

"Mama Fundi," akasema, "miye nataka unichoree kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

"Sijuwe. Ndiyo maana nakuja kwako."

Nikampa kigoda. Akanieleza. Wakati watu wa huku walipokuwa wakikimbilia Kongo, familia moja iliyokuwa njiani ilimwokota akiwa mtoto mdogo, peke yake. Hawakujua alikuwa wa nani. Walikuwa na haraka, kila mtu alikuwa na haraka. Walivuka naye mpaka, na wengine walipokuwa wanarudi Uganda wao walisogea ndani zaidi, hadi Bunia, wakamlea kama mtoto wao. Jina la Bahati walimpa wao. Kabla ya kufa, mama aliyemlea alimwambia alikookotwa: mahali fulani kabla ya mpaka, karibu na Koboko, jina la kijiji hakulijua.

"Niko nakumbuka nyumba moja," akasema. "Ni yenyewe tu. Watu sikumbuke, luga ya kwetu sikumbuke. Ile nyumba tu. Ukichora vizuri, mutu ataiona, atasema hapa ni fulani."

Nilimwambia ukweli, kwamba nyumba zote za kwetu wakati ule zilikuwa udongo na nyasi, na kwamba hata mimi sina hakika kama ningeitambua yetu. Akasema anajua. Akaacha plaiwudi.

Nilianza. Alikuwa akija kila alipoleta mbao, na mimi nilikuwa nachora, nafuta, nachora. Alikumbuka mlango wa mbao wenye ubao mmoja uliovunjika chini. Alikumbuka mwamba bapa uani, wenye mashimo ambamo wanawake walisagia ufuta. Alikumbuka karai jekundu. Nilimchorea vyote, nyumba, uwanja, mwamba, karai, mlango, na akatikisa kichwa.

"Ni mbaya?"

"Ni muzuri. Lakini si kwetu."

"Kuna nini?"

"Nyumba ilikuwaka juu sana."

Nikainua nyumba. Ikawa kama kanisa. Akatikisa kichwa. "Na giza. Juu ilikuwaka giza." Nikachora usiku. "Hapana, ni mchana!" Nikachora mawingu ya mvua. Hapana. Mara ya tatu au ya nne nilianza kumkasirikia, na yeye alianza kuniomba radhi, na hakuna kazi mbaya kama ile ambayo mteja anakuomba radhi.

Siku moja alikuwa ananieleza tena juu ya mlango, na niliacha kusikiliza maneno nikaanza kumwangalia yeye. Kila alipofika kwenye mlango alikunja magoti kidogo, akaingiza shingo ndani ya mabega, akainua macho. Mtu mrefu vile, anaongea akiwa amejikunja.

"Bahati," nikamwambia, "ulikuwa umekaa wapi?"

"Wapi?"

"Ukiiangalia hii nyumba. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Aligeuka kutazama plaiwudi. Lakini mimi nilitandika gunia chini ya meza yangu ya kazi nikaingia, mwanamke wa umri wangu, magoti yakilalamika, nikalala kifudifudi na kuangalia nje. Juu yangu kulikuwa na mbao, giza. Kushoto na kulia miguu ya meza. Mbele, mwanga mkali wa uani, na kila kitu kikubwa: ndoo kama pipa, kuku kama mbuni, na mlango wa karakana ambao sikuweza kuona mwisho wake wa juu.

Nilifuta plaiwudi yote. Nikachora upya kutoka pale chini. Juu, boriti nyeusi. Pembeni, nguzo mbili nene. Karai jekundu kubwa mbele, nyuma yake mwamba kama mlima, na mbali, sehemu ya chini ya mlango, na ule ubao uliovunjika. Nyumba haikuwa na paa, kwa sababu kutoka pale paa halionekani.

Bahati alipokuja niligeuza plaiwudi imwelekee. Aliweka kiganja mdomoni, akakibana, na kutoka nyuma ya kiganja likatoka neno moja, dogo, kama pumzi. Akanitazama kwa mshangao.

"Nimesema nini?"

"Hujui?"

"Sijuwe. Limetoka tu."

Lilikuwa neno la Kikakwa. Kikakwa ndiyo lugha yangu ya kuzaliwa, kwa hiyo nililielewa. Nilimwambia: maana yake ni "nyamaza."

Alikaa kwenye kigoda akalia taratibu, bila aibu, kama mtu anayefanya kazi ambayo amekuwa akiiahirisha. Nilimpikia chai. Tulikubaliana kwamba neno lile tutaliweka sisi wawili, tusimwambie mtu.

Picha niliipeleka Koboko, nikaomba mafundi cherehani wa sokoni waitundike barazani kwao, mahali ambapo watu wa Dranya, wa Ludara, wa Kongo na wa Sudani wote hupita. Chini niliandika: Nani anapajua hapa?

Jamani, wote walipajua.

Siku ya kwanza tu, mwalimu mstaafu aliapa kuwa ni kwao Ludara, na kwenye mwamba huo ndiko alikovunjia jino. Muuza samaki wakavu alisema ni kwa bibi yake ng'ambo ya mpaka, na karai ni lile lililoibwa. Vijana wawili wa bodaboda wasiokuwa wamezaliwa wakati wa vita walibishana karibu kupigana, kila mmoja akidai ni kwa babu yake. Askari mstaafu alisimama pale kila asubuhi kwa juma zima, halafu akanunua karai jekundu akaenda nalo nyumbani. Mafundi cherehani wakanilalamikia kwamba wateja hawawaangalii tena.

Bahati aliwafuata wote. Alikwenda Ludara, akavuka mpaka kwa bibi wa muuza samaki, akakaribishwa chai kila mahali, na kila mahali palikuwa si kwao, hapakuwa na mtoto aliyepotea. Akarudi kwangu amechoka.

"Mama Fundi, miye sasa niko wa bote," akasema, yaani wa wote. "Na mutu wa bote si wa mutu."

Alirudi Bunia kwa mke na watoto wake, na mimi nikadhani kazi ile imenishinda.

Ilikuwa kiangazi kilichofuata, siku ya soko, nilipokuwa Koboko nikipaka rangi mlango wa duka la jirani. Fundi cherehani mmoja alikuja kunishika kiwiko. "Kuja uone mama moja."

Mwanamke alikuwa amekaa chini mbele ya picha. Si kwenye kigoda, si kwenye ngazi ya baraza. Ardhini, katikati ya njia, watu wakimzunguka, beseni lake la ufuta limewekwa kando. Alikuwa ameinua uso, akiitazama ile plaiwudi kutoka chini kwenda juu. Mamia ya watu walikuwa wameiona, na wote walikuwa wamesimama.

Nikachuchumaa karibu naye. Nikamsalimu.

"Nani alichora?"

"Mimi, mama."

"Nani alikuambia chini ya ghala?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba ni chini ya ghala. Wengine walidhani zile boriti ni kivuli, au dari ya baraza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekisia tu.

"Mtu mmoja anapakumbuka," nikasema. "Wewe unapajua?"

"Mimi naliweka mtoto hapo."

Jina lake lilikuwa Mariamu, wa Dranya, mkulima wa ufuta, mjane. Alinieleza palepale chini, na nilimwacha aeleze kwa Kikakwa, maana Kiswahili kilikuwa kinamkwama. Alikuwa msichana mdogo, ameachiwa alinde nyumba na kumtunza mdogo wake wa kiume, mama yao yuko shambani. Milio ya bunduki ilianzia upande wa barabara. Alimwingiza mtoto chini ya ghala la mtama, lile linalosimama juu ya nguzo, akavuta karai mbele yake, akakimbia kumwita mama. Njiani alikutana na watu wanaokimbia, wengi, wakambeba kama maji yanavyobeba jani. Alimpata mama yake siku ya pili. Walirudi. Ghala lilikuwa limesimama, karai lipo, mtoto hayupo.

"Mama alitafuta kila kambi," akasema. "Kila mahali ametafuta. Na mimi hakunilaumu, hata siku moja. Afadhali angenipiga."

Nikamuuliza swali moja tu. "Ulipomweka pale, ulimwambia nini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama maji yana maji. Akaweka kiganja mdomoni, akalisema lile neno.

Nilimpigia Bahati simu palepale, katikati ya cherehani. Alifika baada ya siku chache. Alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na kutoka Arua tulisafiri pamoja hadi Koboko. Kutoka Koboko tulipanda bodaboda mbili kwenda Dranya. Karibu na kona ya mwisho dereva wake alisimama, nikafikiri ni tairi. Bahati alikuwa amemwomba asimame. Alitaka kufika kwa miguu.

Mariamu alikuwa anasubiri uani. Nyumba ilikuwa nyingine, ya matofali, na ghala halikuwepo tena. Mwamba ulikuwepo, mdogo kabisa, unafika magotini. Bahati aliuona kwanza, na nikamwona anaupima kwa macho, anashangaa, anaelewa. Halafu wakatazamana, yeye na mwanamke yule. Nimeona watu wakipokeana kwa vigelegele. Hapa kuku waliendelea tu kukwaruza.

Mariamu akasogea. Akasema kwa Kikakwa, taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto.

Bahati akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikamtafsiria. "Anasema: toka sasa. Wameshakwenda."

Sitaandika yaliyofuata, mengine ni yao. Niseme tu kwamba jina lake la kuzaliwa lilikuwa Swali, jina la kawaida kwetu, na mpwa wangu anayesahihisha karatasi hizi hataki kuamini. Mama yao alikuwa amefariki. Walikwenda wote wawili kwenye kaburi, na waliporudi Bahati alikuwa anamwita Mariamu "yaya," kama wanavyomwita dada mkubwa huko Kongo, na Mariamu alikuwa anamgombeza kwa wembamba wake. Hakuhamia Dranya. Ana watoto, ana msumeno, ana maisha. Lakini sikukuu za Idi anakuja na familia yake, ingawa ni Mkatoliki, na Krismasi Mariamu anavuka mpaka na beseni la ufuta kichwani, ingawa ni Mwislamu.

Ile picha nilidhani itakuwa yao. Nilikwenda kuishusha barazani, nikaipeleka Dranya imefungwa shuka. Mariamu alifunua pembe moja, akafunika tena.

"Hii mimi hapana taka."

"Ni ya nyumba yenu, mama."

"Hii mimi naona kila siku, tangu mtoto. Nikifunga macho naona. Ya nini tena ukutani?" Akanirudishia. "Peleka soko. Wale watu walisema ni kwao, wacha iko kwao."

Kwa hiyo ipo barazani mpaka leo, rangi imefifia, na mkipita siku ya soko mtakuta mtu anamweleza mwenzake kuwa hapo ndipo kwa bibi yake. Msibishane naye. Maandishi ya chini niliyafuta.

Lakini Mariamu hakuniacha niondoke. Alinishika mkono akaniuliza kama nina rangi. Nilikuwa nayo, huwa ninayo. Ilikuwa Idi, uwanja umejaa. "Chora hii," akasema. "Ile iko sasa."

Nikatafuta mahali pazuri pa kukaa. Nikaanza kupanga kama mchoraji anavyopanga: niliomba viti vya plastiki visogezwe, pikipiki iliyoharibika iondolewe, nguo zianuliwe kutoka kwenye kamba. Mbwa mmoja mwenye upele alikuwa amelala katikati kabisa. Nikamuuliza Mariamu mbwa ni wa nani.

"Hakuna mutu anajua. Alikuja tu."

"Basi nimwache nje ya picha?"

Mariamu aliangalia uwanja wake: pikipiki, suruali za watoto wa Bahati zikining'inia kichwa chini, mke wa Bahati akimenya vitunguu na kulia kwa vitunguu, Bahati mwenyewe akiwa amekaa kwenye mwamba na simu sikioni, akipiga kelele juu ya bei ya mbao.

"Weka yote," akasema. "Mbwa pia weka. Mimi hapana acha kitu tena."